Tangu aone farasi akizama, mwanangu halali

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Tunaishi Stuttgart, Ujerumani, mimi na mume wangu sote watu wa Tanga. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 7. Wiki tatu zilizopita alialikwa siku ya kuzaliwa ya mwanafunzi mwenzake, wakawekewa filamu ya Die unendliche Geschichte (yaani Hadithi Isiyo na Mwisho), ile ya zamani ya 1984. Kasha limeandikwa kuanzia miaka 6. Farasi alipozama kwenye tope mwanangu alilia mpaka mwenye nyumba akanipigia simu, nikaenda kumchukua, hivyo mwisho hakuuona. Tangu siku hiyo anaamka saa tisa usiku anasema anazama. Shuleni wamemwambia yule farasi alikufa kweli. Nimemwambia ni filamu tu, haisaidii. Baba yake anasema mtoto wa kiume ajikaze, hatuwezi kulea mtu anayelilia farasi wa kwenye TV. Shangazi yake kule nyumbani anasema filamu za majoka zina mashetani. Je, nimzuie filamu zote, au nimrudishie hiyohiyo aizoee? Au nimnunulie kitabu chake? Labda niseme pia kwamba mama yangu alifariki miezi miwili iliyopita. Hatukuweza kusafiri, maziko tuliyaona kwa simu. Lakini kwa hilo mtoto hakutusumbua kabisa, hata hakulia.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Naanza na msiba makusudi, maana wewe umeuweka mkiani mwa barua, nyuma ya neno "labda", kama mtu aliyefika mlangoni ndipo akakumbuka mfuko aliouacha ndani. Nilipoufikia nilirudi juu nikasoma upya habari ya farasi. Nadhani umeniandikia habari moja, si mbili.

Kwanza tuyaondoe yale mepesi njiani.

Farasi hakufa. Uvumi huo una umri unaokaribia wa filamu yenyewe na hauishi. Filamu ilirekodiwa kwenye studio za Bavaria, Munich, chini ya mwongozaji Wolfgang Petersen. Kile kinamasi kilikuwa bwawa la kutengenezwa, na farasi alisimama juu ya jukwaa lililoshushwa taratibu chini ya maji, baada ya kuzoezwa kwa wiki kadhaa. Noah Hathaway, aliyecheza yule kijana mwenye farasi, ameshasema hadharani kwamba mnyama alitoka salama. Mwambie mwanao hivyo mara moja, kwa sauti yako ya kila siku, kisha usilirudierudie. Jambo tunalolisema mara kumi mtoto huanza kulishuku.

Ile namba 6 kwenye kasha nayo isikutie hatia. Mfumo wa Ujerumani una ngazi tano tu, 0, 6, 12, 16 na 18, na unaangalia kama filamu inaweza kuwadhuru watoto wa umri huo kwa ujumla. Hausemi inawafaa. Wenyewe husema wazi kwamba alama zao si ushauri wa malezi. Wanaozipanga hawawezi kujua nani kafiwa na bibi yake.

Shangazi msimgombeze. Kumsomea mtoto dua kabla ya kulala kuna utulivu wake: sauti ya mzazi, mkono kichwani, maneno aliyoyazoea. Someni. Ila msimwambie kuna kitu kimemwingia, mtamwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Na joka lenyewe, yule mweupe mwenye uso kama wa mbwa, ni joka la bahati, tena hutokea baada ya kinamasi. Kama ulimchukua pale ulipoeleza, mwanao hakumwona kabisa.

Sasa tukae kwenye lile tope, maana jibu lote limo humo.

Kijana Atreyu ametumwa kutafuta dawa ya Malkia mgonjwa, huku Utupu ukiimeza nchi yao kipande kwa kipande. Yeye na farasi wake Artax wanaingia Kinamasi cha Huzuni. Kabla ya lolote kutokea, mtazamaji anapewa sheria ya mahali pale: anayeiacha huzuni imshinde, huzama. Kisha Artax anasimama. Hajaumwa wala hajajeruhiwa na mtu. Amehuzunika tu. Atreyu anavuta hatamu, anambembeleza, mwishowe anampigia kelele apigane na huzuni, asikubali. Tope linapanda, kifua, shingo, basi.

Mtu mzima hapo huona mnyama akifa, akasikitika, akaendelea na chai yake. Mtoto wa miaka 7 huondoka na ile sheria. Huu ndio umri wa sheria: ukikanyaga mstari umetoka, aliyesema uongo pua itaota. Na sheria hii imemkuta mtoto ambaye wiki chache tu kabla aliangalia kwenye kioo cha simu Bibi yake akishushwa ardhini, bila mtu kumweleza vya kutosha kwa nini. Sasa kwenye kioo kingine anaona kiumbe anayependwa akishuka ardhini vilevile, na safari hii sababu inatajwa. Kumbe ni huzuni! Ukihuzunika sana, unazama. Na yeye moyoni anajijua ana huzuni.

Nakisia, sijamwona mtoto. Lakini angalia jinsi vipande vinavyokaa. Hakulia kwa ajili ya Bibi, akalilia farasi mpaka mwenye nyumba akashindwa. Haoti mbwa mwitu wa filamu wala mazimwi. Anaota yeye ndiye anayezama. Na kila anapoambiwa ajikaze, anasikia ile sauti ya Atreyu kinamasini. Kumbuka kelele za Atreyu hazikumwokoa farasi.

"Hakutusumbua" ni neno ninalolisikia sana kwa familia zilizofiwa, na husemwa kwa shukrani. Mtoto aliyenyamaza msibani mara nyingi amewatazama wakubwa usoni, akaona mama anavimba macho, baba anatembea na simu akitafuta tiketi isiyopatikana, akaamua mwenyewe kutoongeza mzigo. Huzuni haikuondoka. Ilikaa ikisubiri mahali pa kutokea, na farasi akaufungua mlango. Kwa jicho hilo, kilio cha siku ile ya kuzaliwa kilikuwa kilio cha maziko kilichochelewa.

Kuna suala la umri pia, ambalo baba yake angependa kulisikia kwa kuwa halihusu uanaume. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy aliandika juu ya watoto wa Hungaria aliowauliza kuhusu kifo. Wadogo kabisa walikiona kama safari au usingizi, mtu anaweza kurudi. Baadaye huja kipindi ambapo kifo ni kitu kinachomchukua mtu, na aliye mwerevu anaweza kukikwepa. Ndipo baadaye mtoto anaelewa kwamba ni kwa wote na hakirudi nyuma. Watoto hawalingani, lakini wengi huvuka mpaka huo kati ya miaka 5 na 9. Wako yuko katikati ya daraja. Ameshajua Bibi harudi. Hajajua bado kama kuna ujanja wa kukiepuka kifo, na filamu imempa ujanja mmoja, tena wa kikatili: usihuzunike.

Ndiyo maana "ni filamu tu" haikumsaidia. Joanne Cantor wa chuo kikuu cha Wisconsin, aliyetafiti kwa miaka mingi watoto wanaoogopeshwa na televisheni, alionyesha kwamba wadogo hutishwa na sura ya kitu, wakubwa hutishwa na kinachoweza kutokea kweli, na kwamba maelezo ya mdomo huwatuliza wakubwa kuliko wadogo. Mwanao anajua fika kwamba farasi ni wa filamu. Hofu yake haiko kwa farasi.

Halafu hadithi hii yenyewe ina hila. Bibi zetu walipotusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima walianza na "Paukwa!", tukaitika "Pakawa!", na mwisho wakafunga, hadithi yangu imeishia hapo. Mle katikati zimwi lilikuwa huru kula watu, lakini kuingia tuliingia kwa mlango na kutoka tukatoka kwa mlango. Mwandishi wa kitabu hiki, Michael Ende, alikusudia kuung'oa mlango huo. Bastian, mvulana aliyefiwa na mama yake, anajificha darini shuleni kusoma kitabu, na kitabu kinaanza kumjua yeye. Mwenye duka la vitabu anamwonya mapema kwamba hiki si kama vingine, hakina usalama. Kwa mtoto wa miaka 11 huo ni utamu mtupu. Kwa wa miaka 7 mwenye msiba, ni hadithi iliyomtokea hadi chumbani kwake. Na wewe, kwa huruma ya mama, ukamtoa pale pale tope lilipofika shingoni. Ningefanya hivyohivyo. Lakini ina maana kwamba kwake yeye farasi bado anazama.

Basi tufanye nini?

Anza mchana, si usiku, mkifanya kitu cha mikono, kumenya viazi au kukunja nguo. Usimkalishe kitako kama kesi. Mwambie: "Nimekuwa nikimfikiria yule farasi. Wewe unadhani kwa nini alizama?" Kisha nyamaza. Akisema ni kwa sababu alihuzunika, umeshafika. Mwambie hiyo ni sheria ya kinamasi cha kwenye hadithi tu. Hapa kwetu hakuna mtu anayekufa kwa kuhuzunika kwa ajili ya Bibi wala kwa kulia. Mwambie na wewe unahuzunika kila siku, na uko hapa, unamenya viazi. Akijibu kitu kingine kabisa, fuata chake, uache nadharia yangu.

Kuna ushahidi ndani ya filamu ileile ambao unaweza kumpa. Artax anapozama, Atreyu analia kwa uchungu, amesimama kwenye tope hilohilo, na hazami. Na kule darini Bastian naye machozi yanamtoka, anaendelea kusoma. Wanaolia wawili, na kwa kilio hicho hakuna aliyezama; hata baadaye Atreyu anapoanza kuzama, joka la bahati linamchukua. Watoto wa umri huu wanapenda sana kuikamata sheria ikiwa na kasoro.

Kisha mweleze kifo cha Bibi kwa maneno makavu. Hukuandika mlimwambia nini. Kwetu tunasema amelala, amepumzika, ametutangulia, na kwa mkubwa ni adabu. Kwa mtoto anayeogopa kufumba macho, "Bibi amelala" ni tangazo la hatari. Sema Bibi alikufa, mwili wake uliacha kufanya kazi kwa ugonjwa fulani, utaje kwa jina. Alipozikwa hakuhisi baridi wala giza wala tope, na kumzika ni kumheshimu. Yale mnayoamini kuhusu roho yake mwambieni pia, lakini baada ya haya. Akiuliza kama na wewe utakufa, usiape kwamba hutakufa. Mwambie unategemea kuishi mpaka awe mtu mzima, na wapo watu wa kumtunza, uwataje.

Kitu kingine alichokikosa ni matanga. Nyumbani angekuwa amekaa mkekani, amesikia watu wakilia na palepale wakicheka wakikumbuka vituko vya marehemu, amepelekwa kubeba sahani. Angejifunza kwa macho kwamba huzuni huja na huondoka. Stuttgart alipata kioo cha simu cha dakika chache. Hamjachelewa. Ijumaa moja pikeni chakula alichokipenda Bibi, wekeni picha yake, mpigieni babu au shangazi asimulie, msome dua. Mpe mtoto kazi, achague picha.

Usiku, akiamka, mkumbatie kwanza, maneno baadaye. Saa tisa ni kawaida, usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi kuelekea alfajiri. Kwa kuwa anakumbuka alichoota, hiyo ni ndoto mbaya, tofauti na ile hali ya mtoto kupiga yowe mapema usiku macho wazi na asubuhi asijue lolote. Mrudishe kitandani kwake, ukae naye mpaka atulie. Kumhamishia kwenu moja kwa moja kutawapa usingizi wiki hii, lakini ubongo wake utajifunza kwamba chumba chake kweli kina hatari, ndiyo maana wakubwa wamemhamisha. Mchana achore ile ndoto, kisha achore inavyoendelea, aamue mwenyewe nani anamvuta kutoka topeni. Mwambie ndoto hiyo ina mlango sasa.

Kuhusu kumzuia filamu zote, sikushauri. Hofu tunayoikimbia kila siku hunenepa. Kumrudishia hiyohiyo sasa hivi "aizoee" pia sikushauri, hasa kama wazo ni kumkomaza. Mtoto aliyefungiwa na kinachomtisha hujifunza kunyamaza, basi. Njia ya katikati ni kumsimulia wewe mwisho wake kwa mdomo, kwa paukwa na pakawa kamili: Malkia anaokolewa, nchi inaanza upya kwa matakwa ya Bastian, na mwishoni Atreyu anaonekana yuko juu ya mgongo wa Artax, wanakimbia. Akitaka kuona kipande hicho, aone mchana, rimoti mkononi mwake, azime anapotaka.

Hapo atakuuliza swali gumu, kwa hiyo jiandae. Kama Bastian alitamani na farasi akarudi, kwa nini mimi nikitamani Bibi asirudi? Mjibu bila kuzungukazunguka: kwenye hadithi waliokufa wanaweza kurudi kwa sababu mtu amekaa akaiandika hivyo. Bibi hakuwa wa hadithi. Kisha mwache alie hata kama ni saa nzima. Hicho ndicho kilio tulichokuwa tunakisubiri.

Sasa baba. Naomba umsomee kipande hiki, na ninakiandika kwa heshima, maana kwa mwanamume aliyekosa kwenda kumzika mama mkwe wake neno "jikaze" huenda anajiambia mwenyewe kwanza. Mwanzoni mwa filamu Bastian anamwambia baba yake asubuhi kwamba amemwota tena mama. Baba anapasua yai bichi, analitia kwenye mashine pamoja na juisi, na huku akisaga anamwambia mwanawe kwamba kifo cha mama kisiwe kisingizio cha kutofanya kazi zao. Anakunywa, anaondoka. Filamu hairudi tena kwa baba huyo. Inaishia Bastian yuko juu ya joka akiwafukuza wanaomwonea. Mimi naihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko tope lenyewe: imefungua kidonda nyumbani, ikakifungia bandeji angani.

Kitabu, kilichotoka 1979, hakiachi hapo. Filamu ilichukua takriban nusu ya kwanza tu, na Ende aliichukia kiasi cha kwenda mahakamani, akashindwa. Kwenye nusu ya pili Bastian yuko ndani ya nchi ile, kila analolitamani analipata, na kila tamanio linamwondolea kumbukumbu moja ya nyumbani, hadi anasahau hata jina lake. Mwisho anataka jambo moja tu, kumpelekea baba yake Maji ya Uzima. Akirudi hana kitu mkononi. Anakaa na baba, anamsimulia kila kitu, na anaona machozi machoni mwa baba yake. Hapo anaelewa kwamba yale maji ameyafikisha. Baba yake akae naye namna hiyo mara moja, amsimulie Bibi alivyokuwa akimpokea pale Tanga. Machozi yakimtoka mbele ya mtoto, asitoke chumbani.

Mkifanya haya, natarajia ndoto zipungue ndani ya wiki mbili tatu, si kuisha siku moja. Zisipopungua baada ya mwezi, au akikataa shule, akiacha kula, akirudia kukojoa kitandani usiku baada ya usiku, au akiamini yeye ndiye aliyesababisha kifo cha Bibi, nenda kwa daktari wake wa watoto, au piga simu ofisi ya ushauri wa malezi, Wajerumani huiita Erziehungsberatungsstelle. Ni bure, na washauri wake wanafungwa na sheria ya kutunza siri. Najua wengi wetu tulioko Ulaya tunaogopa kwamba ukikanyaga ofisi kama hiyo utanyang'anywa mtoto. Kazi yao ni kuzungumza na wazazi kama ninyi. Na akisema anataka kumfuata Bibi au kwamba bora afe, usisubiri wiki wala ushauri wangu, mpeleke siku hiyohiyo.

Umeuliza kama umnunulie kitabu. Ndiyo, lakini kikae kabatini mpaka afike miaka 10 hivi, ni kirefu na nusu ya pili ina giza lake. Utakapokinunua kifungue kwanza dukani. Toleo linalofaa lina wino wa rangi mbili, mmoja wa dunia yetu na mwingine wa nchi ile ya hadithi, ili msomaji ajue kila wakati yuko upande gani. Yapo yasiyo na rangi hizo, na kwa mtoto wenu hizo rangi ndizo mlango niliousema. Kwa sasa msomeeni kwa sauti kitabu kingine cha Ende, kile cha 1960 cha Jim Knopf, mtoto mweusi aliyefika kisiwani ndani ya kifurushi. Tafuta toleo la 2024, mchapishaji wake Thienemann yuko hapohapo mjini kwenu. La zamani lina neno la kuwadharau watu weusi ambalo hutapenda kulisoma kwa sauti kitandani kwa mwanao.